Filamu ya Bweni, Toleo la Kolwezi
Vichekesho vya shule za bweni huhitaji tajiri, maskini na bwalo la chakula. Enyi watengeneza filamu, njooni Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo (DRC), mtavipata vyote bila kumlipa mtunzi. Enzi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mtoto alipimwa kwa nyumba ya kampuni: ya kada au ya kibarua? Siku hizi mambo yamechangamka. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, mtaa wa mji huo, watu wakachimba hadi uani na sebuleni. Basi mwana wa mnunuzi wa madini anaweza kumcheka mwenzake kwa viatu, huku ada yake mwenyewe imetoka kwenye shimo la jikoni kwa huyo huyo anayemcheka. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019. Kitanda cha bweni si bure. Mkipiga picha, mwenye shimo mlipeni naye.