Furaha ya Gunia Huja Juni

Kuna watu wanaolipwa pesa nzuri kuingia nyumbani kwa mtu mzima na kumwonyesha mahali pa kuweka soksi zake. Habari hii nimeletewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuja Chwele kutoka Nairobi kutujulia hali akaishia kutukagua.

"Khocha," yaani mjomba, akaniuliza kabla hata chai haijaja, "haya magunia yanakaa sebuleni mpaka lini?"

"Mpaka yaliwe, mama. Ulitaka yakae wapi?"

Hapo akanifungulia somo la Marie Kondo, yule Mjapani ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 2014 na kufikia 2019 alikuwa na kipindi chake Netflix. Mama huyo anafundisha kwamba ushike kila ulicho nacho, kimoja kimoja, usikilize moyo. Kikikuletea furaha, kiweke. Kisipoleta, kishukuru kisha kiondoke.

Sasa gunia la mahindi la kilo 90 nitalishikaje? Na hata nikilikumbatia mwezi wa Desemba, furaha itoke wapi, na jana usiku stima ilipotea nikalipiga teke gizani? Furaha ya gunia huja Juni. Wakati huo gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, imepanda bei, na wale waliouza mahindi yote shambani ili walipe karo wanakuja kuniamkia kwa heshima ambayo Krismasi sikuiona.

Ghala la nje tulikuwa nalo. Panya walilijua, wezi walilijua, na yule mdudu tunayemwita Osama aliligeuza kiwanda cha unga. Halafu mahindi ya huku hayakubali kukauka kwa hiari. Bodi ya nafaka inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini sisi tunaishi chini ya Mlima Elgon, ambako jua la asubuhi linakushawishi uanike na ikifika saa tisa mvua inashuka watoto wakigombania turubai. Kilichookolewa kinamalizia kukauka chini ya meza ya sebuleni. Hiyo ndiyo mitindo yetu ya ndani.

Basi binti akahamia kwenye makochi. Akanyanyua kitambaa kimoja, vile vya kushonwa kwa mkono vinavyolala juu ya kila kitu hapa kwetu, kuanzia televisheni mpaka redio iliyokufa.

"Anti, hiki kinakuletea furaha?"

"Hicho kinazuia mafuta ya nywele ya jamaa za mjomba wako," mama watoto akamjibu. "Kirudishe." Hakuongeza kwamba Januari vumbi jekundu likianza, kitambaa ndicho kinachofuliwa na kochi likapona. Aprili ni zamu ya matope, na nguo zilizofuliwa hukauka juu ya kamba inayokatiza sebule, mgeni akinywa chai chini ya suruali zangu.

Jikoni alifungua mkebe wa aiskrimu akakuta omena. Akafungua wa Kimbo, akakuta mbegu za maharagwe. Akashauri tununue mikebe ya kuonyesha ndani, kila mmoja na jina lake. Huyu hajalea. Ukiandika "sukari" kwenye mkebe, umewatumia watoto kadi ya mwaliko. Sukari yetu inakaa palipoandikwa majani, na mahali yalipo majani sitapaandika hapa kwa sababu wanasoma.

Kinachonikera ni kudhani kwamba nyumba hupangwa na mwenyewe. Lamu, ambako nyumba za mawe husifiwa hadi ng'ambo, vyumba vilipangwa na mkoko. Boriti ya kubeba dari ilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, na tajiri akajenga zidaka ukutani apange vyombo vyake vya kaure kutoka China. Hao Wajapani wenyewe, nyumba zikiwa ndogo, hukunja magodoro asubuhi na kuyatia kabatini ili chumba cha kulala kiwe cha kukaa. Binti alitueleza hilo kwa mshangao mkubwa. Mama watoto alicheka mpaka akaketi.

Maana hatujasahau Agosti. Mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu tunatahiri, na boma lenye kijana halina mpango mwingine. Makochi yanatoka nje, mashangazi wanalala sebuleni, pipa la busaa linachukua mahali pa televisheni. Zile sufuria kubwa ambazo binti aliziita "vitu visivyotumika" huwa hazitoshi, tunaazima za jirani. Kijana akipona halali tena nyumba ya baba. Anahamia simba yake, yaani kijumba cha kijana. Ungedhani nafasi imepatikana. Wa kwangu aliondoka na kitanda, redio na shuka zangu nzuri, akaniachia madaftari ya darasa la nne, viatu vilivyomkataa na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Vyote viko chini ya kitanda changu, na kuvitupa siwezi kwa sababu eti ni vyake.

Nikasikia baadaye kwamba mwaka wa 2023 Marie Kondo mwenyewe alisema kwamba tangu apate mtoto wa tatu, mambo ya kupanga nyumba amelegeza. Watoto watatu tu! Angekuja Chwele msimu wa tohara angelegeza hata koo.

Binti aliondoka Jumapili na debe la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku wawili, kuelekea kwenye nyumba yake safi isiyo na kitu cha ziada. Siri ya usafi huo niliijua alipokwisha kupanda matatu. Ametuachia masanduku mawili makubwa, "kwa muda tu, Khocha, kule sina nafasi." Yamefungwa kwa kufuli na funguo amekwenda nazo.