Wananitafuta Qatar, Mimi Niko Oruba

Afande aliyenisimamisha kizuizini pale Awendo alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wa trafiki hunitisha kuliko ukali wao. Alichapa nambari ya kitambulisho changu kwenye simu, akaikodolea macho, kisha akaniita kando. "Mzee, wewe unatafutwa."

Natafutwa na nani? Nakaa Oruba, hapa Migori. Ukishuka steji ukamuuliza mtu wa boda mwenye Probox nyeupe iliyobonyea mlango, atakuleta hadi uani na kukudai hamsini. Wanaonidai wananipata. Watoto wa shangazi wanaotaka karo wananipata bila hata kupiga simu. Afande mwenyewe tumewahi kugombania kiti kwenye kibanda cha samaki. Iliyonikosa ni serikali peke yake.

Kisa chenyewe ni cha kilomita nane. Sheria haitaki upite 50 kwa saa ukiwa sokoni au mjini, na kamera pale Rodi Kopany ilisema nilikuwa na 58. Kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, ukizidisha kilomita 6 hadi 10 unalipa shilingi 500. Kuanzia 11 ni 3,000, kuanzia 16 ni 10,000, kwa hiyo ukiamua kukosa, kosa kwa kiasi. Mimi nilikuwa tayari kutoa mia tano yangu niende. Lakini nilikuwa nimembeba ndugu ya mke wangu, na huyo alisoma sheria kwenye matanga. "Shemeji, usilipe! Nenda kajitetee. Hili gari na haya magunia ya omena litatoa wapi 58?"

Hoja ilikuwa nzito. Afande wa pale Rodi Kopany akaandika, akasema tarehe ya korti nitaipata kwa simu. "Namba yako iko kwenye mtambo."

Sasa, namba iliingiaje kwenye mtambo? Nilipotafuta hii leseni mpya yenye chipu nilikuwa bado nakaa Homa Bay, nikaenda saiba moja na shilingi zangu 3,000, na 50 nyingine ambayo wanasema ni ya kunirahisishia mambo. Kijana alichapa bila hata kutazama vidole. Alipofika kwenye barua pepe nikamwambia sina, akaweka yake. Alipofika kwenye simu akaweka yake pia, eti nambari ya siri ikija aione upesi, foleni ni ndefu. Nenosiri akaliandika nyuma ya risiti, na hiyo risiti mama watoto aliwashia jiko wiki hiyohiyo. Sidhani niko peke yangu. Kwa kumbukumbu za taifa, yule kijana lazima ana malori, pikipiki, mashamba na wazee wasiohesabika.

Leo pale saiba wanakaanga chipsi. Kijana naye alipata kazi ya ulinzi Qatar, akaiacha laini yake kwenye droo ya mamake. Wito wa korti ulifika salama kwenye hiyo droo, ukatulia humo. Siku ya kesi jina langu likaitwa, hakuna aliyeitika, na hakimu akatoa hati ya kunikamata. Ile 500 ikawa 5,000. Mafuta ya gari sijahesabu, wala chakula cha mchana cha shemeji, ambaye alisisitiza kuja kama shahidi na akala kama hakimu.

"Mzee, tulikutumia ujumbe," karani wa korti aliniambia.

"Mlimtumia nani?"

Akanigeuzia kompyuta. Jina langu, kitambulisho changu, namba ya kijana wa Qatar. Nikaomba waandike anwani mpya. S.L.P.? Nikatoa ya shule ya msingi niliyosoma, kwa sababu ukoo mzima ndiyo tunayotumia. Karani akacheka, akasema hata yeye anatumia ya shule. Nambari ya nyumba? Nyumba yangu haina nambari, nyumba yangu ina mwembe. Akaandika, mbele ya macho yangu: "Oruba, karibu na mashine ya kusaga." Mashine za kusaga pale Oruba ziko ngapi, hilo hakuniuliza.

Mke wangu anasema kosa ni langu. Nimemwambia akate rufaa.

Wewe unayesoma hapa, ingia kwenye eCitizen leo hii uone namba iliyoandikwa ni ya nani, kabla afande hajawa mpole kwako. Yangu bado sijaibadilisha. Nilijaribu, mtambo ukanijibu kwamba nambari ya siri ya kuthibitisha imetumwa kwenye simu yangu. Kijana wangu wa Qatar, kama gazeti hili linakufikia huko, mpigie mama afungue hiyo droo.