Programu Iliyokataa Kupita Mizani

Ofisini kwetu, hapa Singida mjini, intaneti haitoki nje bila kupita kwenye seva mbadala, ambayo kila mtu huiita proksi. Kijana wetu wa TEHAMA ameiweka ili watu wasimalize mtandao kwa video za mpira, na anailinda kuliko mshahara wake. Mgeni akiomba Wi-Fi hapewi nywila tu. Hukabidhiwa kikaratasi chenye anwani ya proksi, poti 3128, jina la kuingilia, na nywila ya pili. Mzee mmoja aliyekuja kufuatilia malipo yake alikisoma mbele na nyuma, akauliza kama itahitajika pia barua ya mtendaji wa kijiji.

Ukishajaza yote hayo kwenye simu ungedhani shughuli imeisha. Kumbe Android yenyewe, kwenye ukurasa huohuo unaojaza anwani na poti, inakuonya kwamba kivinjari kitaitumia proksi ila programu nyingine huenda zisiitumie. Huenda! Nawafahamu waganga wanaotoa ahadi zenye uhakika zaidi.

Basi siku ya malipo utamhurumia mhasibu wetu. Ni mama mtu mzima, sote tunamwita Mama. Atafungua kivinjari asome bei ya alizeti, habari za Simba na Yanga, hadi hali ya hewa ya Manyoni. Kisha afungue programu ya benki: "Hakuna mtandao." Arudi kwenye kivinjari: mtandao upo. Aende dirishani, ainyanyue simu juu, upepo wetu wa Singida umvue mtandio, na programu imsihi kwa adabu zote ajaribu tena baadaye.

"Mwanangu," aliniuliza siku moja, "hii simu inanidharau?"

Simu haina kosa, Mama. Mkosaji ni aliyeitengeneza programu. Lori la alizeti likifika mizani hupanga foleni, likapimwa, likaendelea na safari. Programu hii ni dereva anayeiona mizani kwa mbali, akazima injini na kumpigia tajiri wake kwamba barabara imekatika.

Kijana wa TEHAMA alinipa darasa refu kuliko nililoomba. Android, alisema, huziachia programu taarifa ya proksi inayotumika. Kuisoma au kuipuuza ni juu ya mtengenezaji. Zinazotumia njia za kawaida za mfumo huisoma zenyewe. Lakini zilizojengwa kwa Flutter, zana ya Google, kwa kawaida haziulizi lolote mpaka mtengenezaji aandike kwa mkono wake mistari ya kuuliza. Na Android ni ya nani? Ya Google. Hapo nilimwomba arudie, nikidhani upepo umenipotezea neno. WhatsApp nao, Januari 2023, waliongeza sehemu yao wenyewe ya proksi ndani ya programu, kwa ajili ya watu waliofungiwa huduma hiyo. Kwa hiyo unaweza kuijaza simu proksi, ukaingia ndani, ukakuta nafasi nyingine ya proksi inakusubiri.

Mimi si mtaalamu, ila madai ninayo. Programu iulize simu njia kila inapotaka kutoka, si mara moja asubuhi. Maana Mama akitoka ofisini kwenda sokoni huiacha Wi-Fi nyuma na kutumia bando lake, huku programu iliyokariri proksi ya ofisini ikiendelea kuitafuta katikati ya magunia ya vitunguu. Proksi ikitaka kujua wewe ni nani, hurudisha jibu namba 407, yaani jitambulishe kwanza. Swali hilo lifikishwe kwa mwenye simu, lisigeuzwe njiani kuwa "hakuna mtandao." Huo ni uongo, na hata si uongo mzuri.

Najua wenye benki wanahofia proksi itachungulia. Lakini mawasiliano ya HTTPS hupita pale yakiwa yamefungwa: proksi hujua unaongea na nani, haijui mnaongea nini, labda mtu awe amekuwekea cheti chake kwenye simu. Programu ikikiona cheti kigeni ikagoma, nitaipigia makofi. Igome, ila itaje sababu.

Hivi karibuni aliletwa ofisini muuza kuku wa kienyeji, na Mama akataka kumlipa kwa simu. Programu ikasema kauli yake ileile. Kijana wa TEHAMA akapigiwa, akajibu yuko njiani, ingawa chumba chake kiko ukuta wa pili. Muuza kuku akachoka. "Dada yangu, si ubonyeze tu nyota na reli?" Mama akabonyeza. Menyu hiyo haipiti intaneti kabisa, haijui proksi wala poti, na kitochi cha muuza kuku kikalia kabla Mama hajaweka simu mezani.

Kijana wa TEHAMA aliingia akiwa na kompyuta mkononi, akitaka aonyeshwe tatizo lilipo. Hatukuwahi kumjibu. Jogoo alikuwa amekata kamba na kupanda juu ya kabati la seva, na kijana akasahau habari za mtandao.

"Nani kamruhusu huyu kuingia humu?"

"Muulize nywila," akasema Mama.