Jinsi ya Kukwepa Kumlipa Mkereza Shilingi Elfu Tano

Utahitaji kwanza sababu. Mtu hajengi mashine ya kukereza chuma kwa kuamka tu asubuhi, sharti aonewe. Mimi nilionewa Gerezani, Dar es Salaam, nilikopeleka gurudumu la toroli langu baada ya bushi zake, vile vipete vya ndani vinavyopitisha ekseli, kulika. Fundi aliligeuza mara moja, akasema, "Elfu tano, mzee. Kaa hapo kivulini dakika kumi." Elfu tano kwa dakika kumi! Nikamwambia nitarudi, nikalipakata gurudumu langu kwenye daladala, na kabla sijashuka nilikuwa nimeshapiga hesabu: nikichonga bushi mia mbili tu, mashine yangu mwenyewe itakuwa imerudisha gharama. Kwamba toroli lina gurudumu moja lenye bushi mbili ni jambo lililonijia baadaye sana.

Ukishaonewa, jua kwamba mashine ya kukereza hutengenezwa kwa mashine ya kukereza. Shafti yake imekerezwa, puli zake zimekerezwa, chaki yake imekerezwa. (Chaki ni yale mataya yanayobana chuma kinachochongwa. Ukiiulizia dukani fafanua. Mimi niliuziwa boksi la chaki nyeupe na kupewa pole kwa kazi ya ualimu.) Mmarekani mmoja, David Gingery, alilizunguka tatizo hili kwa mfululizo wa vitabu saba vya kujijengea karakana kwa vyuma chakavu, alivyoanza kuvitoa miaka ya 1980. Kitabu cha kwanza ni cha tanuri la mkaa la kuyeyushia alumini. Cha pili ndicho cha mashine yenyewe, ambayo ikiwa bado nusu inatumika kutoboa kichwa chake yenyewe. Isome tena sentensi hiyo, kisha uamue kama elfu tano ni nyingi.

Mimi sikuyeyusha kitu. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, joto ambalo mkaa na kipulizia hewa hulifikia bila shida, na pistoni kuukuu ndizo zinazofaa kuliko makopo ya soda. Lakini tone moja la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke ghafla na kuurusha uji wa moto usoni kwako, na nyumba yetu ni ya kupanga. Nikachagua zege. Usicheke: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Lucien Yeomans, Mmarekani mwingine, alijenga kwa viunzi vya zege mashine kubwa za kukerezea makombora. Zege ni zito, ni rahisi, na humeza mtetemo. Ubaya wake ni kwamba lamwagiwa maji na kusubiriwa siku 28, na bamba la urefu wa mita moja lililofunikwa magunia uani huleta maswali. Jirani wa kwanza aliuliza taratibu kama tumefiwa na mbwa.

Bamba hilo ndilo kitanda. Mababu zetu wa pwani walikereza miguu ya vitanda. Wewe unatengeneza kitanda cha kukerezea. Juu yake hukaa kichwa upande mmoja, mkia upande wa pili, na katikati kigari kinachobeba kisu. Kigari kitatembea juu ya vyuma viwili bapa, na vyuma hivyo sharti vinyooke.

Hapa ndipo utakapozeeka. Chuma bapa cha dukani kinaonekana kimenyooka kwa sababu hujakichunguza. Ukisugua viwili pamoja mpaka vilingane, umejidanganya: kimoja kinaweza kuwa na tumbo na kingine shimo, vikakumbatiana kwa raha. Dawa ni vipande vitatu. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, alieleza njia hiyo mwaka 1840. Unapaka cha kwanza rangi nyembamba, unakigusisha na cha pili, unakwangua palipoingia rangi, kisha cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza, unarudi mwanzo. Vitatu haviwezi vyote kuwa na matumbo vikalingana. Badala ya rangi ya Wazungu nilitumia masizi ya chungu na mafuta ya kupikia. Kukwangua kulinichukua miezi minne ya jioni, mbele ya redio, na watoto walijifunza kutonigusa wakiwa na sare za shule. Mama watoto aliuliza mara moja tu: "Baba, toroli linaendeleaje?"

Mengine ni mepesi, au ndivyo utakavyojiambia. Kwa kichwa, tafuta habu ya gurudumu la nyuma la gari, yenye beringi zake mbili za koni. Ukifika kwa muuza chuma chakavu usitamke neno "mashine". Sema unatafuta kizito cha kuzuia lango la banda la mbuzi, naye atakupimia kwa kilo. Ukisema mashine atakupimia kwa macho.

Mota ya nusu ya nguvu za farasi yatosha. Chagua inayozunguka kama mara 1,400 kwa dakika, lakini ukifungia kasi hiyo moja kwa moja kisu chako kitageuka bluu na kulainika. Chuma laini hupenda kupita mbele ya kisu kama mita 30 kwa dakika. Kwa kipande cha unene wa milimita 25 hiyo ni mizunguko 380 hivi, yaani puli ya milimita 60 kwenye mota na ya 220 kwenye shafti. Kanzu ni vazi la heshima, lakini si mbele ya kitu kinachozunguka hivyo. Vua pete, kunja mikono ya shati, vaa miwani. Na ufunguo wa chaki ukishaukaza, uchomoe kabla ya kuwasha. Wangu uliwahi kutoka kwa njia ya dirisha.

Parafujo ya kusukumia kigari usiichukue ya milimita 12. Mzunguko wake mmoja ni milimita 1.75, hesabu ya kuumiza kichwa usiku. Ya milimita 16 husogea 2 kamili. Kumbuka pia kwamba ukizamisha kisu sehemu moja ya kumi ya milimita, unene unapungua mbili, maana kisu kinakula pande zote. Nimekuandikia hili bure. Mimi lilinigharimu bushi kumi na nne.

Mashine yangu sasa inakereza, na vizuri. Bushi mbili za shaba zipo kabatini, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye gazeti. Tatizo ni kwamba mkia ulihitaji shafti iliyonyooka, na ekseli ya toroli ilikuwa unene uleule. Vishikio vikawa miguu. Beseni linakinga mafuta na mabaki ya chuma, na kwa kazi hiyo sijaona la kulishinda. Kama una toroli ambalo bushi zake zimelika, lilete. Nitakufungia hizi mbili bila malipo.