Gata Langu, Maji ya Jirani

Mpwa wangu kaja Newala likizo. Miaka mitatu ya chuo, korosho zangu za misimu mitatu, na alichonibebea ni neno moja. Kalitazama gata langu, kasonya. "Mjomba, huyu fundi hana naus."

Waingereza huliandika nous. Wamelikopa kwa Wagiriki, maana yake akili, na wao hulitumia hasa kwa ile akili ndogo ya kujua maji huteremka, hayapandi. Nikamwambia sisi neno tunalo, ni akili. Akacheka: hilo nalo la mkopo, la Waarabu, na mzizi wake ndio ule wa kumfunga ngamia mguu kwa kamba. Haya. Newala ngamia hatuna, labda ndiyo maana kamba haikutufikia.

Fundi mwenyewe nilimtoa Masasi, nauli juu yangu. Wenzetu wako kule chini kwenye majabali yao. Sisi huku juu tumekalia mchanga, mvua ikinyesha ardhi inainywa yote. Bibi zetu walishuka bondeni na kupanda na mitungi kichwani, mpaka miaka ya 1950 pampu zilipoanza kutuletea maji juu. Pampu nazo zina siku zake za kununa. Ndipo nikanunua simtanki la lita 2000. Fundi kapima, kapigilia, kachukua chake, kashuka zake. Gata limeinamia kwa jirani. Simtanki kazi yake kuisikiliza mvua.

Mpwa, badala ya kushika nyundo, kanisimulia Anaxagoras, Mgiriki aliyesema akili ndiyo iliyopanga vitu vyote. Plato anaeleza jinsi Socrates alivyokikimbilia kitabu chake kwa hamu, na alivyovunjika moyo: mwandishi akishaitaja akili haitumii, anaeleza mambo kwa hewa na maji. Socrates alinung'unika sana. Mimi nilimwonea wivu. Mtu kakuta maji, bado analalamika!

Usiku ule ikanyesha. Kulipokucha, bibi jirani, ambaye chuo hakijui, alikuwa keshapanga ndoo sita chini ya mdomo wa gata langu, zote zimefurika. Mchana nikabisha hodi na dumu mkononi.

"Mia tano, baba," akasema. "Na yule fundi akirudi, mwambie asiliguse."