Spika Saba, Masikio Mawili

Ningependa kumjua aliyepitisha kwamba baba mwenye nyumba, akishajikusanya mwaka mzima na kununua risiva ya sinema ya nyumbani yenye uwezo wa kusukuma spika saba na sabufa, aruhusiwe kuifungulia sauti kwa saa mbili tu za jioni. Kabla ya hapo watoto wako kwenye katuni au umeme umekatika. Baada ya hapo nyumba nzima inapatwa na usingizi mwepesi. Nazungumzia lile dude zito linalobeba spika, si kile kisanduku cha dishi. Na huku mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa nne usiku kwa saa zetu, na wenzetu kule wakiingia majira ya baridi zinasogea hadi saa tano. Upande wa pili wa ukuta wetu kuna jirani mwenye mtoto mchanga. Amenivumilia kwa mpira. Kwa sinema za kivita alikuja kugonga mlango.

Kwa hiyo, hedifoni.

Ukimwambia mtu unahangaika kuchagua hedifoni anakucheka. Kariakoo zinaning'inia milangoni mpaka unainama kuingia dukani, kuanzia za bei ya nauli mpaka za bei ya kodi ya mwezi. Lakini zote zimetengenezwa kwa ajili ya simu, na wauzaji nao wamefundishwa kwa ajili ya simu.

"Mzee wangu, beba hii. Besi yake inapasua."

"Ina omu ngapi?"

"Hii original mzee."

"Omu, kijana wangu. Ukinzani wake."

"Chaji inakaa masaa arobaini."

Nikageuza boksi. Limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inatoa masafa ya 20 Hz hadi 20,000 Hz. Sijapata kuona boksi la hedifoni lisiloandikwa hivyo. Hata zile za mezani, zinazopangwa pamoja na chaja na vioo vya simu, zinatoa 20 hadi 20,000, na bado ukizivaa unasikia kitu cha katikati tu, tena kwa sikio la kushoto. Nathaniel Baldwin, yule Mmarekani wa Utah aliyezitengenezea hedifoni zake jikoni akazipeleka kwa jeshi la majini mwaka 1910, hakuwa na boksi la kuandika chochote. Jeshi lilinunua hivyo hivyo, na sidhani kama kuna afisa aliyeuliza habari za besi.

Mimi namba ninayoitafuta huwa imechapwa kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi. Simu ina nguvu kidogo, ndiyo maana hedifoni zake huwa za omu 16 au 32, zipate kusikika kwa betri. Risiva ni mnyama mwingine. Ndani yake zimo amplifaya za kusukuma spika, na mtengenezaji, akishakutoza hela ya spika saba, haoni sababu ya kukuongezea amplifaya ndogo ya masikio. Katika risiva nyingi anachukua umeme uleule wa spika, anauwekea rezista njiani usije ukakuunguzia hedifoni, kisha anautolea kwenye tundu la mbele. Basi. Hiyo ndiyo heshima yetu sisi tunaosikiliza peke yetu.

Tuseme rezista yenyewe ni ya omu 330. Katika kila volti 10 zinazotoka, hedifoni ya omu 32 inaambulia isiyofika 1. Ya omu 250 inapata zaidi ya 4. Wala kilio changu si uchache, maana sauti unaweza kuipandisha. Kilio ni kwamba omu za hedifoni hazitulii. Zinapanda na kushuka kufuatana na sauti inayopita, na kwa hedifoni nyingi zinapanda pale kwenye besi. Ile ya 32 ikigonga 60 kwenye besi, mgao wake wa hapo unakaribia kuwa maradufu, huku sauti nyingine zote zimebaki na mgao wa mwanzo. Ndipo mtangazaji wa mpira anaanza kuongea kama amefunikwa ndoo. Ile ya 250 hata ikipanda mpaka 300, mgao haubadiliki kwa kiasi cha kukukera. Ziko za omu ndogo zisizoyumba, lakini bei zake ni za watu wasio na watoto shuleni.

Nimewahi kumweleza haya kijana wa duka, kwa utulivu kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua nyingine ukutani: "Basi beba hii, ina taa."

Wajerumani wa Beyerdynamic hedifoni yao ya DT 770 Pro wameitoa kwa omu 32, 80 na 250, sura karibu ileile, kwa sababu wanajua vyombo vinatofautiana. Nilipoipata hatimaye, kwa mtu anayeleta vifaa vya studio, naye akaniambia zote ni sawa, tofauti ni waya. Kwa waya hakukosea. Ile ya 32 ina waya wa mita 1.6, ambao kwa sebule yangu ungenilazimu kukaa sakafuni nikiwa nimeegemea kabati la TV, mtu mzima na kitambi changu. Hizo nyingine zina mita 3.

Sasa njoo kwenye hali ya hewa, jambo ambalo wazungu wanaoandika sifa za hedifoni hawaligusi. Kuna zilizo wazi mgongoni na kuna zilizofungwa. Wataalamu wote watakuapia kwamba zilizo wazi ndizo zenye sauti pana, ya kama uko ukumbini, na hawasemi uongo. Lakini zilizo wazi zinaingiza na kutoa. Pangaboi linalopiga kelele juu ya kichwa changu linaingia moja kwa moja kwenye sinema, hata jangwani kuna pangaboi. Na kila kinachosemwa kwenye sinema kinatoka nje, kwa hiyo mama watoto aliyelala chumba cha pili anasikia wizi wa benki wote, tena bila picha.

Zilizofungwa, haya, zinaficha siri. Ila mwezi wa pili, Dar es Salaam, saa tano usiku, jaribu kufunga masikio yako kwa ngozi ya plastiki kwa muda wa sinema nzima. Kufikia nusu ya hadithi jasho linatiririka shingoni na hujui kama ni hofu ya muuaji au ni joto. Hiyo ngozi yenyewe ni ya bandia, na unyevu wa pwani huitafuna taratibu. Inaanza kupasuka nyufa ndogo, kisha inabanduka magamba meusi. Kuna mwenzetu kazini huja asubuhi na vipande vyake kwenye ndevu na kwenye kola ya shati jeupe, na kwa muda mrefu watu walikuwa wanaogopa kumuuliza anaumwa nini. Kwa hiyo nasema, na sitarudi nyuma: pwani nunua zenye pedi za kitambaa. Zinanuka baadaye, kweli, lakini unazivua unazifua.

Mtoto wetu mkubwa, aliye kidato cha pili na anajua kila kitu, aliniuliza kwa nini nisinunue za Bluetooth nikaachana na waya. "Baba, si risiva nayo ina Bluetooth?" Inayo. Kasoro ni kwamba Bluetooth ya risiva yangu ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu, na ya hedifoni nayo ni ya kupokea. Nikiziwasha zote mbili zinakaa pale zinamulika taa za buluu, kila moja inasubiri kupigiwa. Ziko risiva za karibuni, za Denon kwa mfano, zinazoweza kutuma. Hizo nazo zina lao: sauti ya Bluetooth ya kawaida huchelewa, na ikichelewa sehemu ya tano ya sekunde tu macho yanaona mdomo umefunga wakati neno bado liko njiani. Mke wangu alizijaribu za dada yake kwenye tamthilia yake ya Kituruki na akasema hazina tatizo lolote. Hazitakuwa nalo. Midomo ya pale inasema Kituruki, sauti inasema Kiswahili, hakuna anayemngoja mwenzake.

Ziko pia za redio, zinazokuja na kituo chake unachokichomeka kwenye risiva, na hazichelewi kiasi cha kuonekana. Zinataka soketi. Nyuma ya TV yetu soketi ya mwisho ilikwenda kwa friji gadi.

Nikabaki na waya. Na waya una balaa moja ambalo hakuna boksi litakalokuonya. Ukichomeka pini, risiva inazima spika zote. Hedifoni ya omu nyingi inataka upandishe sauti, na mimi nilikuwa nimeipandisha haswa, maana helikopta zilikuwa zinakaribia kutua. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Katikati ya usiku akaamka kwenda kunywa maji, hakutaka kuwasha taa asinisumbue, na mguu wake ukakutana na mita 3 za Wajerumani. Pini ikachomoka. Risiva, kwa busara yake, ikaona kazi ya hedifoni imekwisha, ikazirudishia spika sauti kwa kipimo kilekile nilichokiacha.

Helikopta zilitua sebuleni. Vioo vya kabati viliitikia. Mama mkwe alikaa chini palepale alipokuwa, kikombe mkononi, akiita majina ya watu wa ukoo wake waliokwisha kufariki. Kule kwa jirani mtoto mchanga akaanza, kisha mbwa, kisha mbwa wa mtaa wa pili. Asubuhi, wakati wa chai, mama mkwe hakuniuliza lolote. Alimgeukia binti yake: "Mama, huyu mwenzio kazi yake hasa ni nini usiku?"

Na ukiondoa hayo yote, bado hupati kile ulichokilipia. Spika saba unazikunja kuwa mbili. Spika ya katikati, inayobeba maongezi, inagawanywa nusu kwa nusu, na maongezi yanakuja kusikika ndani ya fuvu. Yamaha wana kitu wanachokiita Silent Cinema, kinachokoroga sauti ili ubongo udhani kuna mtu nyuma yako. Kwa dakika chache unageuka kweli kuangalia. Halafu unagundua kila mtu kwenye sinema anaongea akiwa bafuni, unakizima.

Sasa mke wangu, baada ya kuniona nimestarehe, anataka kuangalia pamoja nami. Ni jambo la heri katika ndoa, ila tundu ni moja. Upo waya wa kugawa njia mbili, na hedifoni mbili za omu 250 zikigawana tundu moja risiva inaziona kama 125, si mbaya. Lakini yeye anataka sauti ya chini na mimi ya juu, na kitasa ni kimoja. Nimeukagua mgongo wa risiva yangu: kuna matundu ya HDMI, ya spika, ya antena ya FM, na mbele kuna la maikrofoni ya kupimia chumba ambalo nimelitumia siku ya kufunga tu. La hedifoni moja, lile kubwa la milimita 6.35, pini ya tangu enzi za wahudumu wa mitambo ya simu katika karne ya 19.

Sony, walipotoa Walkman yao ya kwanza mwaka 1979, kidude cha kaseti cha kuning'iniza kiunoni, waliweka matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha kushusha muziki ili wawili hao waongee. Nilimweleza mke wangu habari hiyo kwa uchungu. Ameniuliza kama hiyo bado inapatikana Kariakoo, na kama inashika tamthilia.