Mtambo Uko Chini ya Meza Yangu

Bosi wetu hapendi vitu vya kupanga. Simu za ofisi zilikuwa zikipitia kwenye seva za watu, tunalipia kila mwezi, na kila ankara ikiingia ananuna mpaka jioni. Ndipo akatangaza kwamba tutakuwa na mtambo wetu wenyewe, humu humu ndani. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. Sikuona cha kupigia makofi.

Programu yenyewe, Asterisk, inapatikana bure. Mmarekani Mark Spencer aliianza mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake changa haikuwa na fedha za kununulia mtambo wa simu. Bosi kaipenda hadithi hiyo kweli kweli. Tofauti ni kwamba Spencer alikuwa hana. Huyu anazo, ila hazitoki.

Kikaja kisanduku cheusi, kikasukumwa chini ya meza yangu kwa kuwa stoo imejaa mafaili. Toleo nililochagua huja na mfumo wake endeshi, na kulisimika kunaanza kwa kufuta diski nzima, ndiyo maana lilitaka mashine yake peke yake. Kamweleze hayo mhasibu! Kaona diski ina nafasi, kaja na flashi ya mishahara ahifadhi humo. Dada wa usafi naye kaona soketi, kachomoa mtambo, kachomeka birika.

Simu zikaanza kulia. Sisi ni mawakala wa forodha Dar es Salaam, na wateja wetu wengi wako Lubumbashi, roho zao ziko bandarini.

"Haloo? Haloo?" Dada wa mapokezi anaita, upande wa pili kimya. "Haloo! Huyu naye, kama huna la kusema si ukalale?"

Akakata. Punde ukaingia ujumbe wa WhatsApp: mteja alisikia kila neno, na angependa kujua kontena lake limefikia wapi kabla hajaenda kulala.

Kisa ni kwamba kengele huja kwa mlango mmoja, 5060, na sauti hupita milango mingine kabisa. Mtambo ulikuwa unawaelekeza watu wa nje walete sauti kwenye anwani inayoanza na 192.168, ambayo nje ya ofisi haimfikishi mtu popote. Yetu inatoka, yao inapotelea njiani. Nikaujulisha mtambo anwani yetu ya nje, nikafungua kwenye ruta milango kuanzia 10000 hadi 20000, tukasikilizana.

Limebaki la umeme. Zamani ukikatika, seva ya watu ilikuwa hai, simu zikahamia kwenye simu ya mkononi ya mapokezi. Siku hizi ukikatika tumekufa wote. Nimeomba UPS, nimeambiwa nivute subira.

Wageni wakija, bosi huwaonyesha chini ya meza, katikati ya miguu yangu: "Ule pale, mtambo wetu." Umeme ukikatika saa nne usiku, hunipigia: "Wewe, mtambo wako umezima."